Jiko la soba: asubuhi uji unarudi, mchana ugali unabaki, saa 4 usiku wanagonga mlango wa stoo. Tatizo ni nini?

#1 Sufuria Namba 40
Wakuu, salaam. Soba (nyumba ya kusaidia watu kuacha pombe na dawa za kulevya) ipo Kigoma mjini, vijana 28. Wengi ni wa gongo, sita wa heroini, waliobaki bangi na mchanganyiko. Ratiba: uji wa sembe saa 1 asubuhi, ugali maharage saa 7 mchana, ugali na dagaa wa mawese saa 11 jioni, taa zinazimwa saa 4. Vipimo vya siku: unga wa muhogo kilo 12, maharage kilo 3, dagaa kilo 1 na nusu, mawese lita 1 na nusu, sukari kilo 2. Kisamvu mara mbili kwa wiki.

Wiki mbili za kwanza mtu hali, uji unarudi nusu ndoo. Ikifika wiki ya tatu anakula kama alikuwa amefungwa kamba, na usiku wanataka sukari. Kuna wanaosema ni arosto tu (mateso ya mwili ukikosa kilevi ulichozoea), wengine wanalaumu mawese, wengine muhogo. Wenye jiko la aina hii karibuni.

#2 Kibirizi Mwaloni
Mawese, mkuu. Lita 1 na nusu kwa watu 28 ni zaidi ya mililita 50 kwa kichwa, zaidi ya vijiko vitatu vya chakula, na karibu yote yanaingia kwenye mlo mmoja wa jioni. Tumbo la mtu wa gongo limechubuka, mafuta yanakaa humo muda mrefu, kichefuchefu hakikosi. Shuka hadi mililita 20 kwa mtu, yaani nusu lita na kidogo kwa sufuria nzima, halafu uone.

#3 Nesi wa Zamu
#2 umeanza na mboga kabla ya mlaji. Mleta uzi, wale wa wiki ya kwanza unawapakulia sahani sawa na wa mwezi wa tatu? Kama ndiyo, mshukuru Mungu hawaimalizi.

Mtu aliyekaa siku tano au zaidi bila kula cha maana, au aliyekonda sana, ukimshindilia ugali siku ya kwanza unamweka hatarini. Mwili ulikuwa umezima jiko lake. Wanga ukiingia kwa wingi, madini ya damu (fosfeti, potasiamu, magnesiamu) yanavutwa ghafla kuingia kwenye seli. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne au ya tano miguu inavimba, moyo unakwenda mbio, pumzi inabana, mtu anachanganyikiwa. Watu husema "amerogwa" au "arosto imerudi".

Kwa hiyo siku tatu za mwanzo mpe theluthi hadi nusu ya chakula chake cha siku, ukikigawa mara tano au sita, halafu upandishe taratibu hadi wiki iishe. Na mtu wa gongo apate vitamini B1 kituo cha afya KABLA ya wanga mwingi. Kwa mlevi wa muda mrefu vidonge vya mdomoni hunyonywa vibaya, ndiyo maana mara nyingi huanza na sindano. Akianza kuyumba kama bado kalewa, macho yakachezacheza au akapoteza kumbukumbu, huyo si wa jikoni tena. Hospitali siku hiyohiyo.

#4 Mgebuka wa Kukaanga
Wa kwangu ni ushauri mdogo tu: kwenye ubao wa stoo msiandike "unga umekwisha, leteni unga". Mgeni akisoma hapo soba atakimbia.

#5 Toka Urambo
#4 😂 Na "sembe" nayo hali ileile. Andikeni "dona", litasaidia hata lishe.

#6 Dona Halisi
#5 umetania lakini hapo ndipo penyewe. Uji wa sembe ni maji meupe. Kukoboa kunaondoa pumba na kiini, na B1 anayoisema Nesi #3 inaondoka nayo. Jiko la watu wa gongo halifai kutegemea sembe wala mchele mweupe.

Uji wa watu 28: maji lita 11, unga kilo 1 na nusu (dona sehemu mbili, ulezi sehemu moja), karanga zilizosagwa gramu 600. Koroga unga kwa maji baridi kwanza, mimina kwenye maji yanayochemka, uchemke dakika 20 za kweli. Dakika 5 haziivishi dona, na hapo ndipo mtu anasema "uji wa dona unaniuma tumbo". Karanga ziingie dakika tano za mwisho, la sivyo uji unashika chini.

#7 Kisamvu Kibichi
Tusisahau muhogo. Unga wa muhogo una protini kama gramu 1 au 2 kwa kila 100, mahindi yana 8 hadi 9. Mnajaza tumbo hewa.

#8 Mzee wa Ujiji
#7 taratibu na chakula cha watu. Ugali wa muhogo haujawahi kuliwa peke yake huku, unaliwa na dagaa. Piga hesabu ya mleta uzi mwenyewe: maharage gramu 107 kwa mtu, humo mna protini gramu 23 hivi. Dagaa wakavu gramu 53, weka gramu 30. Muhogo hata ukitoa 6 tu, jumla ni karibu 60. Kwa mtu wa kilo 55 hiyo si haba. Chakula kipo, hakiliwi. Ni matatizo mawili tofauti.

#9 Kibirizi Mwaloni
#8 hesabu nzuri ila dagaa wa gunia la bei chee ukitoa mchanga na vichwa, zile 53 zinabaki 40.

#10 Mzee wa Ujiji
#9 hilo nakubali. Basi anunue waliokaushwa kwenye chanja, hata kama bei ni juu. Wa mchangani unalipia ufukwe.

#11 Mama Chanja
Niwasaidie kwenye huo mchanga, maana kijana mgonjwa akitafuna punje moja tu ndiyo basi tena, sahani anaisukuma. Dagaa wachambuliwe kavu, wakaangwe bila mafuta kwenye sufuria pana dakika nne tano hadi wakakamae. Watie kwenye maji ya vuguvugu, wazungushe kwa mkono, halafu WATOE KWA MKONO au kwa chujio. Usimwage maji huku dagaa wamo, maana mchanga uliotulia chini unarudi juu yao. Rudia maji matatu. Vichwa nitoe, nisitoe? Ukitoa uchungu unapungua, usipotoa madini yanabaki. Kwa wiki ya kwanza mimi niko upande wa kutoa.

Na harufu. Dagaa wa unga msitie kwenye uji. Najua wataalamu wa watoto wanashauri, lakini mtu wa arosto pua yake iko kama ya mjamzito. Unga wa dagaa uingie kwenye maharage, kijiko kimoja cha chakula kwa watu watatu, hawatausikia.

#12 Daktari wa Meno wa Mtaa
Mbona hakuna aliyetaja meno? Mleta uzi, waangalie vinywani. Heroini hukausha mate, sukari inamalizia kazi, magego yameoza. Mtu kama huyo hawezi maharage yenye maganda wala kisamvu kilichotwangwa nusunusu. Uji unamkubalia, lakini uji wenu ni wa moto na una sukari, jino lililo wazi linapiga kelele. Atasema "sina hamu" kwa sababu ya aibu. Mpondee maharage, uyapitishe kwenye chekeche, ugali uwe laini, viazi vitamu vipondwe na maziwa. Akila hivyo sahani ikaisha, umepata jibu.

#13 Sufuria Namba 40
#12 hapo umenigusa. Kuna wanne au watano huchovya ugali kwenye mchuzi tu na kuacha nyama ya maharage. Nilidhani wanachagua. #3 hapana, sahani ni moja kwa wote. Kesho nabadilisha.

#14 Reli ya Kati
Kwa uelewa wangu tatizo ni methadoni (dawa wanayopewa watu wa heroini ili waache). Inapunguza mwendo wa utumbo, mtu anakaa siku nne bila choo, hawezi kula. Dawa ni maji lita mbili hadi tatu, papai, mboga za majani, dona, na maharage.

#15 Nesi wa Zamu
#14 ulichosema kuhusu methadoni na choo ni kweli, lakini mleta uzi hajasema ana mtu wa methadoni. Sita wa heroini bila methadoni, siku za mwanzo ni kinyume chake: wanaharisha na kutapika. Ukiwapa papai na maharage hapo unawaongezea msala. Hao ni maji ya chumvi na sukari: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, vijiko vya kusawazishwa si vya kilima. Wanywe kidogokidogo. Chakula ni wali laini, ndizi, mtori mwepesi, supu ya samaki mgebuka iliyochujwa. Kali ya siku hizo ni ya pili na ya tatu, ikifika siku ya saba tumbo limetulia, ingawa usingizi na hamu ya kula vinachelewa zaidi.

Na wa gongo wasilinganishwe na hao. Kuacha pombe ghafla kunaweza kuleta degedege na kuua, kwa hiyo siku tano za mwanzo awe chini ya macho ya mtu wa afya.

#16 Reli ya Kati
#15 sawa mkuu, nilikurupuka. Ila papai la wiki ya tatu nabaki nalo.

#17 Mnyamwezi Mwenye Mzinga
Tabora tumewasikia. Hiyo sukari kilo 2 mnaua watu. Wekeni asali. Vijana wakipata asali kijiko asubuhi na jioni, tamaa ya usiku inakwisha.

#18 Dona Halisi
#17 asali ni sukari iliyovaa kanzu, ndugu yangu. Kijiko cha chakula kina gramu 17 hivi za sukari. Kwenye jino alilolisema #12 inanata kuliko ya dukani.

#19 Mgebuka wa Kukaanga
#17 Tabora mna nini kingine zaidi ya asali na uyoga? Samaki mnamuona akishuka kwenye treni.

#20 Mnyamwezi Mwenye Mzinga
#19 tuna karanga ambazo nyinyi mnazifuata huku. Tena mleta uzi asikilize: asinunue karanga zilizokwisha kusagwa. Sumukuvu (sumu ya ukungu) haionekani kwenye unga, na kukaanga hakuimalizi. Hawa ini limeshaumizwa na gongo, usiwaongezee. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu, si hadithi. Nunua nzima, mwaga kwenye ungo juani, toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu, zilizopasuka. Debe moja watu wawili wanachambua ndani ya saa moja na ushee. Wape vijana wenyewe hiyo kazi, mikono inayotetemeka inapata shughuli.

#21 Mama Chanja
#20 hiyo ya kuwapa kazi naunga mkono, ila visu vihesabiwe asubuhi na jioni. Na stoo iwe na kufuli mbili: hamira na sukari visikae mahali ambapo mtu yeyote anavifikia, kwa sababu ndoo, maji na siku tatu vinatosha kupika kitu kingine. Kungumanga nayo ifungiwe. Watu hudhani ni kiungo cha pilau tu, kumbe kwa wingi inalevya na kutapisha.

#22 Fundi Kuni
Turudi kwenye sukari ya usiku. Mmetaja kila kitu isipokuwa saa. Mlo wa mwisho saa 11 jioni, uji saa 1 asubuhi. Saa 14 mtu hajala! Ini lenye afya linaweka akiba ya sukari ya usiku, ini la mlevi haliweki ya kutosha, kwa hiyo usiku mwili unawahi kutafuna misuli na kichwa kinadai kitu kitamu. Sogeza mlo wa jioni saa 12 na nusu, halafu saa 3 usiku weka kikombe cha uji mzito wa karanga au viazi vitamu viwili na maziwa. Unga hauongezeki, unakata tu sehemu ya ugali wa jioni.

#23 Kibirizi Mwaloni
#22 na mawese yaleyale jioni? Narudia, mafuta.

#24 Fundi Kuni
#23 mafuta yangekuwa ndiyo tatizo, wiki ya tatu wasingekula. Sufuria ni ileile.

#25 Kibirizi Mwaloni
#24 wiki ya tatu tumbo limepona. Huoni?

#26 Mzee wa Ujiji
Wote wawili mnaweza kuwa sahihi ila suala la mawese lina upande wa pili. Tatizo si wingi tu, ni namna yanavyopikwa. Wapishi wengi wanayaunguza hadi yageuke meupe "yatoe harufu". Ule wekundu ndio wenye kiini cha vitamini A, ukiuunguza umebaki na mafuta matupu yenye moshi, na moshi huo ndio unaomkata mtu hamu kabla hajafika mezani. Yeyusha moto mdogo, kitunguu kiingie mapema, nyanya, kisha dagaa, dakika 10 imetosha. Na chakula kiliwe cha moto, mawese yakipoa yanaganda kwenye ulimi.

#27 Kisamvu Kibichi
Kuhusu kisamvu: kitwangwe hadi kiwe uji, kichemke sufuria wazi dakika 30 na zaidi, mvuke utoke. Ukifunika sumu ya muhogo inabaki ndani. Muhogo mchungu nao uloweke siku tatu hadi ulainike kabla ya kuanika. Kumenya na kuanika juani siku moja hakutoshi. Mtu anayekula ugali huo mara mbili kwa siku hana nafasi ya kosa.

#28 Toka Urambo
Maharage mnapika vipi? Swali tu, kwa sababu sijaona mtu kataja magadi.

#29 Sufuria Namba 40
#28 magadi kijiko kwa sufuria. Bila hivyo kuni zinakwisha.

#30 Dona Halisi
#29 HAPO! Magadi yanaua B1. Unampeleka kijana akachomwe sindano ya B1 halafu unamwaga ya bure iliyomo kwenye maharage. Loweka usiku kucha kwa muda wa saa 8 hadi 12, maji mara tatu ya maharage, chumvi kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 4, inalainisha ganda. Asubuhi mwaga maji hayo.

#31 Fundi Kuni
#30 sawa, lakini maharage yaliyokaa ghalani misimu miwili hayalainiki hata ukiyaloweka wiki. Hapo mpishi afanyeje? Njia ipo: chemsha yaliyolowekwa kwa moto mkali dakika 20, funika, toa motoni, sufuria iingie kwenye kapu kubwa lililojazwa pumba au mablanketi kuukuu pande zote, ziba juu. Saa nne baadaye yameiva au yamebakiza kidogo. Kuni zinapungua sana. Angalizo: zile dakika za mchemko mkali usizikwepe, maharage mekundu yasiyochemka vizuri yanatapisha. Joto la kapu peke yake haliondoi sumu hiyo.

#32 Nesi wa Zamu
#31 dakika 10 za mchemko kamili ndiyo kima cha chini kwa mekundu. Na tusiseme magadi ndiyo chanzo cha yote. Mtu wa wiki ya kwanza hata maharage yenyewe hali.

#33 Mama Chanja
Wanaonyweshwa chai ya rangi pamoja na chakula je? Inafunga madini ya chuma. Chai isogezwe saa moja baada ya mlo, na ndimu ikamuliwe kwenye mboga, inasaidia chuma kuingia na inakata ile harufu.

#34 Mnyamwezi Mwenye Mzinga
Togwa vipi? Huku kwetu mgonjwa asiyekula hupewa togwa.

#35 Nesi wa Zamu
#34 soba hapana. Togwa ya jana imeshaanza kuwa pombe, kuna wanaotumia dawa ya kuzuia pombe ambayo hata tone linawaumiza, na ladha peke yake inaamsha mambo.

#36 Dona Halisi
#35 nakubali nusu. Tupa togwa, chukua kimea. Pika uji mzito kabisa, unga kilo 3 kwa lita zilezile 11. Uache upoe hadi kidole kivumilie sekunde mbili, tia kimea cha ulezi gramu 150, koroga. Ndani ya dakika 10 unakuwa mwepesi kama maji. Urudishe motoni uchemke dakika 5, kimea na chachu vinakufa, pombe haipatikani hata ukitafuta. Kikombe kimoja kimebeba unga wa vikombe viwili. Kwa mtu mwenye meno mabovu na tumbo dogo, nioneshe kinachozidi hapo.

#37 Kisamvu Kibichi
#36 ongeza kwamba kiwe cha ulezi kweli. Kimea cha mtama machipukizi na mizizi yana sumu ileile ya muhogo, lazima ying'olewe kabla ya kusaga.

#38 Daktari wa Meno wa Mtaa
#36 umepunguza sukari lakini? Kimea chenyewe kinageuza wanga kuwa utamu.

#39 Dona Halisi
#38 ndiyo, haihitaji sukari hata punje. Zile kilo 2 zinashuka hadi moja.

#40 Sufuria Namba 40
Ahsanteni wakuu. Kuanzia Jumatatu: sahani nusu kwa wapya, saa 12 na nusu jioni, uji wa saa 3, magadi nje. Mawese nimeshusha hadi lita 1, #2 na #24 endeleeni kugombana. Swali la mwisho: dagaa wa kuweka akiba. Mbalamwezi bei inapanda, na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti jikoni palikuwa pabaya.

#41 Mama Chanja
#40 nunua wiki ya giza, wapo wengi. Watu 28 kwa kilo 1 na nusu ni kilo 45 kwa mwezi, weka za miezi mitatu ukisikia tangazo. Gunia likae juu ya chaga, si sakafuni wala kuegemea ukuta. Kila wiki mbili anika tena nusu siku. Ukiona unga chini ya gunia, wadudu wameingia: wakaange kavu wote siku hiyo. Dawa ya wadudu ya mahindi usiguse.

#42 Kibirizi Mwaloni
#40 lita 1 bado ni nyingi.

#43 Mzee wa Ujiji
#42 😂 mtu wa Kibirizi anayeogopa mawese, haya ni mapya.